Kupamba kuta za chumba cha mtoto mdogo bila kumhatarisha: mwongozo kamili, kuanzia ukuta mtupu hadi picha ya mwisho

Mtoto wa miezi minane akisimama kitandani kwake, mkono mmoja umeshika kizuizi, ule wa pili unafika ukutani mbali kuliko mzazi anavyodhani. Anakuta kona ya stika iliyoinuka kidogo. Anaichokoa kwa ukucha, anaivuta, inabanduka pamoja na kipande cha rangi, na vyote viwili vinaishia mdomoni. Muda wenyewe ni ule wa kwenda kuzima jiko na kurudi.

Mapambo mengi ya vyumba vya watoto huchaguliwa na mtu mzima aliyesimama mlangoni, anayetazama jinsi chumba kinavyopendeza. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili: kwa yule anayelala humo, anayegusa, kulamba, kuvuta na kupanda. Chumba bado kitapendeza. Tofauti ni mpangilio wa kazi, kwa sababu hatari nyingi huingia pale kazi inapofanywa kinyume: picha zinatundikwa kabla kitanda hakijapata mahali pake, stika zinabandikwa juu ya rangi mbichi, ukuta wa zamani unapigwa msasa huku mtoto yuko chumba cha pili.

Hatua ya 1: Amua kitanda kinakaa wapi, kisha pima mkono wa mtoto

Usinunue chochote kabla ya hapa. Chukua penseli, ingia chumbani, na uamue kwanza kitanda cha mtoto kitakaa ukuta upi. Kisiwe chini ya dirisha, kisiwe karibu na kamba ya pazia, na kisiwe ubavuni mwa kabati au rafu inayoweza kugeuzwa ngazi. Mahali pazuri ni ukuta wa ndani usio na soketi wala swichi karibu.

Sasa piga magoti na uangalie kuta kwa kimo cha mtoto. Utaona vitu ambavyo ukisimama huvioni: soketi, kona kali ya plasta, msumari uliosahaulika, rangi iliyovimba juu ya ubao wa chini ya ukuta. Kisha weka alama za penseli. Alama ya kwanza ni mahali mkono wa mtoto utakapofika akiwa amesimama juu ya godoro. Hesabu pia urefu wa juu ya godoro kutoka sakafuni, kwani huo ndio unaosahaulika. Ya pili ni mahali atakapofika akisimama sakafuni. Mtoto wa miaka miwili ana kimo cha sentimita 85 hivi, na akinyoosha mkono anavuka mita 1. Akipata kiti au sanduku la midoli, ongeza urefu wa kitu hicho.

Mimi hupendekeza mstari wa mita 1.5 kutoka sakafuni. Chini ya mstari huo, ukuta upambwe kwa rangi tu, au kwa kitu kilichoshikana na ukuta kiasi kwamba hata mtu mzima hawezi kukibandua kwa ukucha. Juu ya mstari unaweza kutundika, ila si juu ya kitanda. Ukuta wa juu ya kichwa cha mtoto uachie brashi peke yake.

Hatua ya 2: Chunguza ukuta wenyewe

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na ndiyo watu wanaoiruka, kwa kuwa haina uzuri wowote wa kuonyesha. Ningeomba usiiruke.

Anza na rangi ya zamani. Kwa miaka mingi rangi za nyumba zilitengenezwa kwa madini ya risasi, kwa sababu risasi huifanya rangi ing'ae, ikauke upesi na idumu. Hatari yake ilijulikana zamani: mwaka 1921 nchi wanachama wa Shirika la Kazi Duniani zilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi katika upakaji wa ndani ya majengo, lengo likiwa kuwalinda mafundi. Hata hivyo Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978 tu, na zipo nchi ambazo rangi hiyo bado inauzwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba kutokana na chanzo kilekile, mwili wa mtoto mdogo unaweza kufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Risasi hushambulia ubongo unaokua, na mara nyingi mtoto haonyeshi dalili yoyote mpaka madhara yameshatokea. Chembe za rangi hiyo zina ladha tamu kidogo, jambo linalomfanya mtoto azirudie.

Rangi ya zamani iliyoshika vizuri na isiyopasuka haina hatari kubwa ikifunikwa kwa mikono (tabaka) mipya ya rangi. Hatari iko kwenye rangi inayobanduka, na zaidi kwenye vumbi lake. Angalia hasa kingo za madirisha na milango, kwa sababu kila zinapofunguliwa na kufungwa rangi husagika ikawa vumbi jembamba linalotua sakafuni, pale pale mtoto anapotambaa, na kutoka hapo kwenda mikononi na mdomoni.

Kama nyumba ni ya zamani, au hujui historia ya rangi yake, usiipige msasa mkavu, usiikwangue ikiwa kavu, wala usiichome kwa moto ili ibanduke. Moto hugeuza risasi kuwa moshi unaovutwa. Tafuta kwanza kipimo: chukua vipande vya rangi, ukihakikisha vina tabaka zote hadi kwenye plasta, upeleke maabara, au mwite mtaalamu mwenye mashine ya kupimia hapo hapo ukutani. Vipo pia vipimo vya kubadilisha rangi vinavyouzwa madukani, lakini majibu yake si ya kutegemea peke yake.

Ikithibitika kuna risasi na rangi inabanduka eneo kubwa, kazi hiyo mwachie fundi aliyefunzwa, na familia ilale kwingine hadi chumba kisafishwe. Kwa eneo dogo, kazi hufanywa kwa majimaji: ukuta unalowanishwa, msasa wa maji unatumika, sakafu imefunikwa turubai la plastiki zito lililobandikwa kwa tepu pembeni, na mlango umezibwa. Mwishoni hakuna kufagia. Ufagio hurusha vumbi hewani. Futa kwa matambara yaliyolowa maji yenye sabuni, ukibadilisha maji mara kwa mara, kisha yatupe matambara hayo. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake, si pamoja na za mtoto. Mama mjamzito asishiriki kabisa katika kazi hii wala kuingia chumbani mpaka usafi uishe, kwa kuwa risasi hupita kutoka kwake kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Na kama mtoto ameshakuwa akicheza karibu na rangi inayobanduka, mpeleke akapimwe damu. Ni kipimo cha kawaida, na ndicho pekee kitakachokupa jibu.

Baada ya rangi, tafuta unyevu. Pitisha kiganja ukutani, hasa pembe za chini na ukuta wa nje. Ukihisi baridi yenye majimaji, ukiona madoa ya kahawia, vidoa vyeusi vya ukungu, au plasta inayovuja unga mweupe, usipake. Rangi mpya juu ya unyevu itavimba na kubanduka baada ya muda, na ukungu utaendelea kuishi chini yake na kumsumbua mtoto kifua. Tafuta maji yanatoka wapi: bomba linalovuja, paa, maji yanayopanda kutoka kwenye msingi, au chumba kisichopata hewa. Ukishatibu chanzo, safisha ukungu huku madirisha yakiwa wazi, ukivaa glavu na barakoa. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye na siki wala kisafishaji kingine chochote. Gesi inayotokea inadhuru mapafu. Plasta iliyooza iondolewe na kuwekwa mpya, na ukuta uachwe ukauke kabisa kabla ya brashi kuugusa.

Nyufa na matundu yazibwe kwa pati, na misumari ya zamani ing'olewe. Tundu la msumari lisilozibwa ni mahali ambapo kidole kidogo kitachimba kila siku.

Hatua ya 3: Chagua rangi kwa kusoma kopo

Kwa chumba cha mtoto, kuta zipakwe rangi ya maji. Rangi ya mafuta huachia kemikali nyingi zaidi hewani inapokauka, na huhitaji thina ambayo nayo haifai kuwepo nyumbani penye mtoto. Hizo kemikali zinazoruka hewani ndizo zinazoleta harufu ile kali, kuumwa kichwa na kuwashwa macho na koo. Makopo mengi siku hizi huandikwa kiasi chake kwa gramu kwa lita, chini ya herufi VOC. Kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo bora. Rangi za ukutani zenye chini ya gramu 50 kwa lita huhesabiwa kuwa za kiwango cha chini. Kumbuka kwamba rangi ya kuchanganyia inayoongezwa dukani ili kupata rangi unayotaka inaweza kupandisha kiasi hicho, kwa hiyo uliza kuhusu mchanganyiko wote, si ndoo nyeupe peke yake.

Kuhusu risasi, tafuta maandishi yanayosema haimo, au kwamba haizidi sehemu 90 kwa milioni, kiwango ambacho nchi nyingi zimekiweka kisheria. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala maelezo yoyote liache dukani, hata kama rangi yake imekuvutia. Rangi za mafuta za manjano, chungwa na nyekundu kali ndizo ambazo mara nyingi hukutwa na risasi nyingi pale usimamizi unapolegea. Alama ya EN 71-3 maana yake rangi hiyo imepimwa kwa viwango vya Ulaya vya usalama wa vitu vya kuchezea, yaani imeangaliwa ni kiasi gani cha madini kinachoweza kutoka endapo mtoto ataitia mdomoni. Kwa ile sehemu ya chini ya mstari wa mita 1.5, na kwa mbao za kitanda ukiamua kuzipaka, alama hiyo ina thamani kubwa.

Kuhusu mng'ao, chagua rangi isiyong'aa sana lakini inayovumilia kufutwa kwa kitambaa chenye maji. Rangi isiyong'aa kabisa huonekana vizuri siku ya kwanza, ila alama za vidole haziondoki bila kuikwangua.

Hatua ya 4: Paka mapema, kisha subiri

Mtoto asiwemo ndani ya chumba wakati wa kupaka, wala asilale humo usiku huo. Fungua madirisha, na kama kuna feni, ielekeze itoe hewa nje. Paka praima (rangi ya msingi) panapohitajika, kisha mikono miwili ya rangi, ukifuata muda ulioandikwa kwenye kopo kati ya mkono na mkono. Makopo, brashi na ndoo za maji visilale sakafuni; ndoo yenye maji kidogo tu inatosha kumzamisha mtoto anayetambaa.

Watu wengi huchanganya kukauka na kukomaa. Rangi ya maji hukauka kwa kuigusa ndani ya saa chache, lakini hukomaa, yaani hufikia ugumu wake kamili, baada ya wiki 2 hadi 4. Katika kipindi hicho bado inaachia harufu na bado ni laini. Kama unamsubiri mtoto azaliwe, maliza kupaka angalau mwezi mmoja kabla. Kama mtoto yupo tayari, alale chumba kingine mpaka harufu iishe kabisa, na chumba kiendelee kupewa hewa kila siku. Pua yako ikishazoea haikwambii ukweli: toka nje kwa saa nzima, urudi, uvute pumzi ya kwanza ukiwa mlangoni.

Ukitaka picha kubwa ukutani, hapa ndipo mahali pake. Milima, miti, wanyama, duara za rangi mbalimbali, vyote vikichorwa kwa rangi ileile ya maji haviwezi kuanguka, kubanduka wala kumezwa. Kwa maoni yangu hakuna pambo jingine linalofaa ukuta wa nyuma ya kitanda. Bandika tepu ya kupakia kufuata umbo, paka, kisha ivue tepu rangi ikiwa bado mbichi kidogo ili ukingo utoke safi. Fahamu pia kwamba mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, na macho yake huvutwa na tofauti kali ya nyeusi na nyeupe. Mchoro wa ukuta wa mbali hauoni bado. Kwa miezi ya mwanzo, michoro rahisi ya rangi mbili karibu na mahali unapombadilishia nepi itampa furaha zaidi.

Hatua ya 5: Stika, karatasi za ukutani na matofali ya foam

Stika zisibandikwe kabla rangi haijakomaa. Zitavuta rangi zikitoka. Hata baada ya hapo, zikae juu ya alama ya mkono wa mtoto. Epuka zile zenye vipande vidogo vidogo kama nyota na vitone. Kipimo rahisi cha nyumbani ni kile kibomba cha kadibodi cha katikati ya karatasi ya chooni: chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Pambo la shanga, vifungo, gololi au macho ya plastiki yaliyogandishwa kwa gundi halina nafasi hapa. Kila juma pitisha kidole pembeni mwa stika zote, na iliyoanza kuinuka itoe. Usiirudishe kwa gundi.

Karatasi ya ukutani inafaa tu kwenye ukuta mkavu kabisa, kwa sababu huficha ukungu nyuma yake. Chagua ya kupumua badala ya ile ya plastiki tupu, na maungio yake yasiangukie ubavuni mwa kitanda.

Matofali ya foam, yaani vipande vyepesi vya plastiki laini kama sponji, yanayobandikwa ili kuupa ukuta sura ya tofali yamependwa sana, na wazazi huyaona kama kinga ya kichwa. Siyapendekezi kwa mtoto mdogo. Meno mapya huyang'ata kwa urahisi sana, kipande kilichong'olewa hukaa kooni, na yakishika moto huungua haraka yakitoa moshi mzito. Kama yako tayari ukutani, yaondoe walau upande wa kitanda na karibu na soketi na taa.

Hatua ya 6: Kutundika vitu

Kabla ya kutoboa, jua waya za umeme zinapita wapi. Kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi, au kupita mlalo kati yao, kwa hiyo usitoboe katika mistari hiyo. Ukiwa na shaka, zima umeme kwenye swichi kuu na utumie kifaa cha kutambua waya.

Ukuta wa tofali au zege unahitaji drili na kile kidude cha plastiki kinachoingia kwenye tundu ili skrubu ishike. Ubao wa jipsamu hautashika skrubu peke yake. Tafuta mhimili wa mbao au chuma nyuma yake, au tumia vishikizo maalumu vya ubao huo. Msumari uliopigwa kwa nyundo haufai kushika chochote katika chumba cha mtoto.

Fremu iwe nyepesi, uso wake uwe wa akriliki (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) badala ya kioo, na ishikwe sehemu mbili ili isizunguke. Ukimaliza, ivute kwa nguvu zako. Ikicheza, rudia. Kioo cha kujitazamia, ambacho watoto hukipenda mno, kiwe cha akriliki na kifungwe kwa skrubu pande zote.

Rafu ndogo ya vitabu ya ukutani ni pambo zuri, lakini mtoto huiona kama ngazi. Ifunge kwenye mhimili, na usiweke juu yake kitu cha kumshawishi apande. Kabati la droo na rafu za kusimama zifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe au mikanda ya kuzuia kuanguka, hata kama ni fupi na hata kama zinaonekana nzito. Mtoto akivuta droo mbili na kukanyaga ya chini, uzito wote unahamia mbele, na kabati linamlalia.

Kamba ndizo zinazonitia hofu kuliko vyote. Vibendera, riboni, taa za kamba na nyuzi za mapazia huzunguka shingo kimya kimya, bila kilio cha kumwita mtu. Vibendera vikae juu kabisa, vimekazwa bila kulegea, mbali na kitanda. Kamba za mapazia zifungwe juu ya mita 1.5, au bora zaidi uweke pazia lisilo na kamba. Midoli inayoning'inia juu ya kitanda itolewe mtoto anapoanza kujiinua kwa mikono na magoti, au akifikisha miezi 5, lolote litakalotangulia.

Taa ndogo za mapambo zinazotumia betri bapa za duara zinahitaji tahadhari ya pekee. Betri hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani katika saa 2 tu. Nunua taa ambayo kifuniko chake cha betri kimefungwa kwa skrubu, na uipachike juu pasipofikika. Mtoto akishukiwa kumeza betri, mpeleke hospitali papo hapo. Usingoje dalili, usimtapishe. Sumaku ndogo za kushikilia picha nazo zisiwepo: mtoto akimeza mbili, hunasana zikiwa katika sehemu tofauti za utumbo na kuutoboa.

Hatua ya 7: Rudia vipimo mtoto anapokua

Alama zako za penseli zina maisha mafupi. Zipime upya anapoanza kukaa, anapoanza kusimama, na siku ile anapohamishiwa kitanda kisicho na vizuizi, kwa sababu kuanzia siku hiyo anaweza kuzunguka chumba kizima usiku ninyi mmelala. Siku ya kuhamisha kitanda, ondoa kwanza mapambo ya ukuta mpya, kisha ndipo usukume kitanda.